NCHI JIRANI: Mali Bila Daftari

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu askari wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi:

Mwizi anayevunja mlango usiku hupigiwa kelele na mtaa mzima. Lakini yuko mwizi asiyevunja mlango. Huyu huchukua kidogo, huondoka kimya, na mwezi ujao hurudi tarehe ile ile. Mwenye mali hapigi kelele, kwa sababu hajui kwamba ameibiwa. Leo tunazungumzia makato yanayojitokeza katika taarifa ya benki bila mwenye akaunti kuyaelewa. Mfano tunauchukua Afrika Kusini, mwenzetu katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika.

Nchini humo ni desturi ya siku nyingi mtu kuiruhusu kampuni ichote malipo yake benki kila mwezi, iwe ni bima, mkopo au ada ya simu. Jambo hilo ni halali, tena lina manufaa. Lakini utaratibu wake wa zamani ulikuwa na ufa. Kampuni ndiyo iliyosema kwamba mteja amekubali, na benki ikatoa fedha bila kwanza kumwuliza mteja mwenyewe.

Walaghai wakauona ufa huo. Wakaanza kukata rand 99. Kwa nini 99, wala si 200? Kwa sababu baadhi ya benki zilikuwa hazimpelekei mteja ujumbe wa simu kwa kato lisilofikia rand 100. Mlaghai alipita chini ya kengele, na kengele haikulia. Rand 99 kwa mwezi ni rand 1,188 kwa mwaka. Tuseme mtu mmoja amewapata watu 10,000 wa namna hiyo: kila mwezi atavuna rand 990,000, na hakuna hata mmoja wao atakayekwenda kituo cha polisi kwa ajili ya rand 99. Huo ndio mrija wenyewe. Ni mwembamba, lakini haukauki.

Wenzetu wakachukua hatua. Wakaweka mfumo unaoitwa DebiCheck, ambao humtaka mteja athibitishe kwa benki yake, kabla ya kato la kwanza, kwamba ameafiki kiasi, tarehe na jina la anayelipwa. Mwaka 2021 mfumo huo ulichukua nafasi ya njia za zamani zilizokuwa zikiwahi kuchota mshahara mara tu uingiapo. Hata hivyo, haukufunga milango yote. Makato ya njia ya kawaida yangalipo, na mwananchi angali analazimika kusoma taarifa yake.

Je, sisi tunajifunza nini?

Kwanza, tusidhani kwamba kila kato la kushangaza ni wizi. Leo mtu hununua kwa kadi ya benki huduma ya filamu, muziki au programu ya simu. Huambiwa, jaribu bure kwa siku kadhaa. Siku zikiisha, ada huanza, na kila mwezi au kila mwaka hujirudia yenyewe mpaka mwenye kadi atakapoikatisha. Kuifuta programu katika simu si kuikatisha ada. Tena jina linaloandikwa katika taarifa huweza kuwa la kampuni inayokusanya malipo, si lile ulilolizoea, na kiasi huweza kubadilika kwa sababu ya thamani ya fedha za kigeni. Pengine pia ni mtoto aliyebonyeza kitufe katika simu ya mzazi.

Kwa hiyo, askari akiona kato asilolielewa, aandike tarehe, kiasi na jina. Awaulize watu wa nyumbani kwake. Akiitambua huduma na haitaki, aikatishe kwa mwenye huduma na atunze uthibitisho. Asipoitambua, aiarifu benki mara moja kwa maandishi, adai maelezo, na kadi ifungwe. Asingoje kato la pili, kwa kuwa walaghai huweza kukata kiasi kidogo kwanza ili kujua kama kadi inafanya kazi. Na kamwe asimtajie namba ya siri mtu anayempigia simu akidai ati atamrudishia fedha zake.

Ndugu askari, ninyi mna sababu ya pekee ya kuwa macho. Mshahara wenu huingia kwa tarehe zinazojulikana, nanyi huweza kuwa lindoni mpakani au mafunzoni kwa muda mrefu bila kuiona taarifa ya benki. Askari hasemi lindo limekuwa salama kwa sababu tu hakusikia kelele. Huzunguka na kukagua. Na akaunti ikaguliwe hivyo hivyo, kila mwezi, mstari kwa mstari.

Na ninyi wa Polisi mna wajibu zaidi. Mwananchi akifika kituoni kulalamikia shilingi elfu chache, asijibiwe kwamba hilo ni jambo dogo. Aulizwe: uliwahi kukubali huduma hii? Nani aliyeshika kadi au simu yako? Benki imekujibu nini? Majibu yake yaandikwe, pamoja na jina lililomo katika taarifa. Lalamiko moja ni dogo kweli. Lakini malalamiko mia moja, kutoka vituo mbalimbali, yanayotaja jina moja, si dogo tena: hiyo ni njama, na aliyeandika vizuri ndiye atakayeivumbua. Rand 99 za Afrika Kusini zilidumu kwa sababu kila mmoja aliitazama yake peke yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo: ni taarifa ya benki. Kilichobaki ni kulifungua.