Picha Isiyo na Neno Nyuma Yake

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa madarasa ya kisomo)

Leo hatukuja na habari za mbolea wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo tumeyazungumza sana, na tutayarudia. Leo tunataka kuzungumza juu ya picha.

Siku moja tulitembelea kikundi cha wanakisomo. Tuliwaomba waje na kitu cha zamani kutoka nyumbani, kisha kila mmoja aandike habari zake kwa mistari mitano. Mmoja alileta jembe la babu yake. Mwingine alileta kibuyu. Mama mmoja, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, alileta picha aliyoifunga katika kanga. Ilikuwa picha ya kijana aliyevaa kaptura na kofia ya askari, amesimama wima.

Mama akasema, "Huyu ndiye baba yangu. Aliniacha ningali nabebwa mgongoni. Alipanda meli Mombasa kwenda kupigana na Wajapani. Hakurudi."

Tuliigeuza ile picha. Nyuma hapakuwa na neno hata moja.

Basi siku ile tuliwasimulia wanakisomo habari ya meli moja iliyotoka Mombasa. Tunaiandika hapa ili nanyi muisome.

MELI ILIYOTOKA MOMBASA

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945. Desemba 1941 Japani ilishambulia kwa ghafla manowari za Marekani zilizotia nanga Pearl Harbor. Baada ya hapo Wajapani waliteka nchi nyingi za Asia. Mojawapo ilikuwa Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Burma ilikuwa chini ya Waingereza, kama Kenya, Uganda na Tanganyika zilivyokuwa. Kwa hiyo vijana wa huku walipelekwa kupigana kule. Vita haikuwa yao, lakini waliokufa walikuwa wao.

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli tano za abiria ziliondoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa ambacho leo huitwa Sri Lanka. Manowari tatu zilizisindikiza. Meli moja kati ya hizo tano iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, yaani askari wetu pamoja na maofisa wao Waingereza. Wengine walikuwa mabaharia. Walikuwamo pia wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, meli zilikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Watu wengi walikuwa ndani ya meli, chini. Hawakujua kwamba nyambizi ya Kijapani, yaani meli ya vita inayokwenda chini ya maji, ilikuwa inawavizia. Nyambizi hiyo iliitwa I-27. Ilirusha makombora ya majini yaitwayo topido. Mawili yaliipiga Khedive Ismail.

Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Hebu fikirini, ndugu zetu. Dakika mbili hazitoshi hata kuwasha jiko la mkaa. Mtu aliyekuwa chini angewezaje kupata ngazi, kupanda juu na kuruka baharini?

Watu 1,297 walikufa. Waliookoka hawakuzidi 220. Katika wanawake wote, waliookoka ni sita tu.

Na hata waliofika juu ya maji hawakuwa salama. Nyambizi ilijificha chini ya bahari, pale pale watu walipokuwa wanaelea. Nahodha wa manowari iitwayo Petard alikuwa na uamuzi mgumu. Akiiacha nyambizi, ingeweza kuzamisha na meli nyingine. Akiishambulia, angewaua watu wake mwenyewe. Aliamuru mabomu ya kulipuka chini ya maji yatupwe. Baadhi ya waliokuwa wanaogelea waliuawa na mabomu hayo. Baadaye nyambizi ilizamishwa siku ile ile.

KILICHOBAKI

Sasa je, sisi leo tunayajuaje haya? Tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Maofisa wa manowari waliandika taarifa. Waliookoka walisimulia, na wengine wakayaandika masimulizi yao. Huko Uingereza jamaa za wauguzi na mabaharia walitunza barua na picha. Mwishowe kikaandikwa kitabu kizima juu ya meli hii. Kule Nairobi, katika makaburi ya vita, pana Ukumbusho wa Afrika Mashariki. Unawakumbuka wanajeshi wasio na kaburi, pamoja na waliozama na Khedive Ismail.

Lakini askari wetu walikuwa wakisimulia nini nyumbani? Walipenda nini? Nani aliwasindikiza siku ya kuondoka? Habari hizo hazikuwa katika taarifa za manowari. Zilikuwa katika vichwa vya mama zao, wake zao na ndugu zao. Watu hao wengi hawakujua kuandika. Si kosa lao. Shule za wakoloni zilikuwa chache, na watoto wengi hawakupata nafasi. Walitunza picha kwa mapenzi makubwa, lakini hawakuweza kuandika nyuma yake.

Tulipomaliza kusimulia, yule mama akatuuliza, "Mwalimu, baba yangu alikuwa ndani ya meli hiyo?"

Hatukuweza kumjibu. Askari wengi walipita Mombasa. Wengine walikufa Burma kwa risasi, wengine kwa maradhi. Ili kutafuta katika orodha za jeshi, lazima ujue jina alilojiandikisha nalo, namba yake na kikosi chake. Mama alijua jina la nyumbani tu. Mjomba wake alikuwa anajua zaidi, lakini alifariki zamani. Alikwenda na habari zake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je? Watu nao hupotea hivyo hivyo.

Yule mama hakukata tamaa. Alichukua kalamu. Polepole, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika kwenye karatasi jina la baba yake, jina la kijiji, na maneno haya: "Alipanda meli Mombasa wakati wa vita na Wajapani. Nimeandika mimi mwanawe." Akaikunja, akaiweka pamoja na picha. Akasema, "Sasa hata nikiondoka mimi, wajukuu watajua huyu ni nani."

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Ndugu wahitimu, tunawaomba mfanye hivi wiki hii:

1. Tafuteni picha moja ya zamani. Mwulizeni mzee: Huyu ni nani? Ni wapi? Ilikuwa lini?

2. Andikeni majibu kwenye karatasi, muiweke pamoja na picha katika bahasha. Mkiandika nyuma ya picha, tumieni penseli, tena kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino huweza kuiharibu.

3. Andikeni jina la aliyewasimulia na tarehe.

4. Msilolijua, andikeni "hatujui". Msibuni. Uwongo ulioandikwa huishi miaka mingi kama ukweli.

5. Picha zilizo ndani ya simu nazo zina hatari. Simu ikiharibika, zimekwenda. Orodhesheni majina katika daftari.

Na msingoje. Wanaoikumbuka vita ile wamebaki wachache sana. Watoto wao nao wamezeeka. Kalamu mnayo. Nendeni mkaulize leo, maana kesho yule wa kuulizwa huenda asiwepo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Je, katika kijiji chenu kuna familia ambayo mtu wao alikwenda vitani asirudi? Jina lake limeandikwa wapi?

Kama ungekuwa nahodha wa Petard, ungefanya nini? Kwa nini?