Tuliinama Sisi, Wakachukua Wao
Hotuba ya vijana wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, kwa vikundi vya kujisaidia vya nyumbani

Sisi ni watoto wenu tunaoishi Umoja, Kayole na Donholm. Mkituuliza tunafanya kazi gani Nairobi, tumezoea kujibu, "Kazi ya kompyuta." Leo tumekuja kusema ni kazi gani hasa.

Tulikuwa tunawaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia masomo yao. Mwanafunzi akipewa insha na mwalimu wake, hulipa kampuni ya mtandaoni. Kampuni humpa kazi mwenye akaunti, naye hutugawia sisi na kubaki na sehemu yake. Tuliandika usiku, kwa maana saa nane mchana kule New York ni saa tatu au saa nne usiku hapa kwetu. Kazi ikiisha inatumwa, mwanafunzi anaweka jina lake, basi.

Biashara hii ilikua sana baada ya nyaya za intaneti za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009. Wenye digrii walikuwa wengi, ajira haba. Tulilipa kodi ya nyumba, tukanunua unga, na nyinyi mkatumiwa pesa ya mbolea kwa M-Pesa. Hayo ni kweli, hatuyadharau.

Lakini hebu fikirini. Mmoja wetu aliandika masomo ya uuguzi muhula mzima kwa mtu asiyewahi kumwona. Huenda leo mtu huyo anapima dawa ya mgonjwa. Je, kama mgonjwa angekuwa mama yako? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye hakuinama. Tuliinama sisi, yeye akachukua.

Na sisi pia tumepata hasara. Tulipodhulumiwa malipo, hatukuwa na pa kushtaki. Tukiomba kazi, hatuwezi kueleza miaka hiyo tulikuwa tukifanya nini. Australia ilipiga biashara hii marufuku kwa sheria mwaka wa 2020, Uingereza mwaka wa 2022. Mwisho wa mwaka huo ikatoka ChatGPT, programu inayoandika insha kwa dakika chache. Kazi zikapungua, malipo yakashuka.

Tusiwacheke wa ng'ambo peke yao. Hapa kwetu mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015 ulivuja, na mwaka uliofuata bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Mzazi anayemnunulia mtoto karatasi ya mtihani anafanya yale yale.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto akituma pesa, muulizeni kwa upole ameipataje. Pili, msimfukuze akisema ukweli. Tatu, mtupe kazi. Tunajua kutafuta habari na kuandika vizuri. Vikundi vyenu vinahitaji kumbukumbu za mikutano, hesabu safi na maombi ya misaada. Malipo yatakuwa madogo, tunajua, lakini jina chini ya karatasi litakuwa letu.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Je, shida ya pesa inahalalisha kazi ya namna hii?
2. Kikundi chetu kina kazi gani ya kumpa kijana aliyesoma?