MAKAAZI YA MPITO KWA WANAWAKE WALIODHULUMIWA MAJUMBANI NA WANAOTOKA GEREZANI

(Mazungumzo ya Afisa wa Ustawi wa Jamii kwa watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa taarifa ya wote.)



Nimetakiwa nizungumzie siku moja tu katika maisha ya mfungwa, nayo ni siku ya kutoka. Nitachukua mfano wa Kilangali, wilayani Kilosa, huko Tanzania Bara, kwani mambo ya huko hayako mbali na ya kwetu Visiwani.

Tuseme mwanamke wa Kilangali amepigwa na mumewe kwa miaka, na usiku mmoja akarudisha pigo, mume akafa. Mahakama ikiridhika kuwa hakukusudia kuua, atafungwa kwa kosa hilo dogo kuliko mauaji, pengine katika Gereza la Wanawake la Kingolwira, Morogoro. Mlango ukifunguliwa, aende wapi? Nyumba wamo ndugu wa marehemu. Shamba la mpunga limelimwa na wengine misimu kadhaa. Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo huenda wajomba wakampokea. Lakini Kilosa ni ya watu wa makabila mengi, waliofuata mashamba ya mkonge au malisho, na aliyeolewa kutoka mbali hana mjomba wa kumwendea. Wapo pia waliojeruhi tu. Hao mume yu hai, anawangoja.

Sheria haikunyamaza. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kipigo. Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini kesi ya ardhi huchukua muda, na mdai lazima alale mahali.

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinazitaka mamlaka za magereza kutumia nyumba za mpito na kushirikiana na ustawi wa jamii kabla na baada ya mfungwa mwanamke kuachiwa. Kwa maoni yangu, jambo hili halihitaji jengo jipya. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walikosa makaazi, na Serikali ikawapatia mahema. Hakuna aliyeulizwa kwanza tabia yake.

Kinachotakiwa ni vyumba vichache vyenye kufuli ambayo ufunguo wake anao mkaazi mwenyewe, mahali pa kupikia, nafasi ya watoto, na muda unaojulikana, kwa mfano miezi sita. Iwe karibu na kazi anayoijua: mwanamke aliyezoea jembe ukimpeleka mjini umempa taabu nyengine. Wala isiwe gereza la pili, lenye kengele na ruhusa ya kutoka. Anwani isitangazwe. Na wazee wasiharakishe suluhu. Nimeona suluhu nyingi ambazo mwanamke alikubali kwa kuwa usiku umeingia na hana pa kulala.

Hapa kwetu, ambako gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, tunavyo Vituo vya Mkono kwa Mkono vya kumpokea aliyedhulumiwa. Vituo hivyo humpokea anayetoka nyumbani. Anayetoka Chuo, ambaye naye alidhulumiwa kabla ya kuhukumiwa, asisahauliwe kwa sababu jalada lake limeandikwa mkosaji.

Masheha wanaombwa, wapatapo habari kuwa mwanamke wa shehia yao anakaribia kuachiwa, wamuone Afisa wa Ustawi wa Jamii wa Wilaya mwezi mmoja kabla. Yeye mwenyewe aulizwe, faraghani, wapi anaogopa kurudi.