Ukingo wa Kijito Ndani ya Shamba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Ntimaru)



Tumeombwa tuseme juu ya wanyama na mashamba. Twajua wamo kati yenu waliokwisha kunong'onezana kwamba tumekuja kuwarudisha ndovu katika mahindi. La, hatukuja kwa hilo.

Kwanza tukiri kosa letu. Tumbaku ilitupa mabati na karo za watoto, lakini jani lake hukaushwa kwa moto, na moto ule ulikula miti ya kandokando ya vijito. Mikuyu waliyoiheshimu wazee wetu, sisi hatukuiogopa. Kisha tukapanda mikaratusi pale pale penye unyevu, kwa kuwa hukua upesi na kuuzika. Nayo hunywa maji mengi mno. Pamoja na miti wakatuhama hondohondo, kanga na nyuki. Nasi ni watu ambao koo zetu hujitambulisha kwa wanyama, kama chui na punda milia!

Tumtazame korongo wa Bonde la Lambwe, huko Homa Bay. Nchi ile ilitengwa kwa ajili yake mwaka 1966, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Hata hivyo mitego ya waya haikukoma, na mashamba yameizunguka. Leo makorongo hao hawafiki mia, wala hawaonekani penginepo katika Kenya. Hifadhi peke yake haitoshi. Wanyama walio wengi wa nchi hii huishi nje ya hifadhi, katika ardhi za watu kama sisi.

Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingoni mwa mto: mita 6 kwa uchache, hata kufikia 30. Mwenye ekari mbili atauliza, "Mistari yangu ya mahindi je?" Swali lake ni la haki. Lakini mistari hiyo ndiyo ichukuliwayo na mafuriko, pamoja na udongo wake. Ukingo ukiachwa uote majani na miti ya asili, utampa malisho ya kukata kwa ng'ombe, na mahali pa kutundika mizinga.

Tena mizinga ina kazi nyingine. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walionyesha kwamba ndovu hukimbia wasikiapo sauti ya nyuki. Baadaye huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima wakazungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya, mmoja kila mita 10 hivi. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Si dawa ya yote: ukame ukija nyuki huhama, na waya hutaka kutengenezwa. Ila kwetu tulio jirani na Trans Mara yafaa kujaribiwa. Sheria ya mwaka 2013 imeahidi fidia, lakini fidia huchelewa, na njaa haingoji.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali fedha za bustani ya miche kabla ya mvua za masika. Sisi tunaosema haya tumekwisha kukata mikaratusi yetu ya kijitoni. Visiki vingali vinachipua, na kila mwezi twarudi na panga.