Kuimba Kabla ya Mapambazuko

Hotuba ya ibada ya shukrani, jubilei ya kwaya, Pumwani
Somo: Matendo ya Mitume 16:16–34



Siku ya jubilei ni siku ya kushukuru. Lakini kwaya hii haikuimba kwenye harusi tu. Imeimba pia kando ya makaburi, na wengi waliomo humu walimgeukia Mungu siku ya msiba, si siku ya sherehe. Kwa hiyo naomba tuulizane: mtu anayemkimbilia Kristo akiwa na mateso, anapata nini?

Somo letu linatupeleka Filipi. Paulo na Sila wamechapwa hadharani bila kesi, wametupwa chumba cha ndani gerezani, miguu imebanwa. Usiku wa manane wanaomba na kuimba. Angalieni mpangilio wa mambo. Tetemeko lilikuja baadaye. Walipoanza kuimba, milango ilikuwa imefungwa na vidonda havijaoshwa. Na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza.

Sisi wa Pumwani hatuhitaji kufundishwa usiku wa manane ni nini. Usiku wa Juni 28, 2018, moto ulizuka hapo jirani, Gikomba, ukaua watu 15 na kuteketeza mali ya wengi. Haukuwa moto wa kwanza pale, wala haukuwa wa mwisho. Mfanyabiashara akiunguliwa na kibanda, ameunguliwa na mkopo wa chama, karo ya watoto na kodi ya nyumba kwa usiku mmoja. Mtu huyo akiingia kanisani Jumapili, akaketi benchi la nyuma, tutamwimbia nini?

Wapo watakaomwambia kwamba imani yake ilikuwa ndogo, au kwamba akitoa sadaka kubwa atarudishiwa mara mia. Ndugu zangu, huko ni kumtoza mtu ada juu ya majivu yake. Nendeni nyumbani mkasome Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila beti la mwisho la kushangilia. Hata hivyo ni wimbo, na kichwa chake kinawataja waimbaji, wana wa Kora. Anayemlilia Mungu bado anaamini kwamba yupo anayesikia. Machozi yake ni maombi, na kwaya isiyojua kulia imejifunza nusu ya kitabu.

Majirani zetu wa Uganda walilijua hilo. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Jumapili iliyofuata waumini walifurika Namirembe. Kaburi lilikuwa limechimbwa, lakini mwili haukuwapo. Ulikuwa umepelekwa kwao Mucwini. Walisimama kando ya kaburi tupu, wakaimba, wakakumbuka kaburi jingine lililokutwa tupu. Wimbo haukumrudisha askofu wao, na Amin alikaa madarakani hadi 1979. Lakini watu wale walirudi makwao wakiwa bado Kanisa.

Sasa tumrudie yule askari wa gereza, maana ndiye aliyegeuka usiku ule. Alipoona milango wazi alichomoa upanga ajiue. Paulo akapaza sauti kumzuia: wafungwa wote walikuwa bado wapo. Mtu aliyekata tamaa aliokolewa kwanza na habari kwamba hajaachwa peke yake. Naye akafanya nini? Akawachukua saa ileile, akawaosha vidonda, ndipo akabatizwa. Kisha akawaandalia chakula nyumbani kwake. Maji ya kuosha vidonda yalitangulia maji ya ubatizo.

Wanakwaya, hapo ndipo kazi yenu ilipo baada ya kuvua majoho. Mama aliyepoteza mtoto hospitalini anahitaji mtu wa kukaa naye kabla ya mtu wa kumweleza mapenzi ya Mungu. Katika mtaa huu tumeishi na ndugu zetu Waislamu tangu miaka ya 1920, na penye kilio hakuna anayeuliza dini kabla ya kupeleka chai na kuchangia. Tusiipoteze desturi hiyo. Nayo ni mahubiri.

Ninawaachia mambo mawili. Mnapochagua nyimbo za Jumapili, wekeni hata mmoja ambao mwenye huzuni anaweza kuuimba bila kudanganya. Na mwenzenu wa sauti ya pili akishindwa kuimba kwa sababu ya msiba, msimfute kwenye orodha. Mwacheni asimame mahali pake anyamaze, ninyi mwimbe hadi atakapoweza. Labda ni miezi, labda ni miaka. Imani ya Kanisa humbeba mtu wakati yake imechoka.

Hongereni kwa jubilei. Mungu aliyewasikia usiku awasikie na mchana. Amina.