Miti Hupimwa Kabla ya Msumeno: Jinsi KFS Inavyouza Miti ya Umma na Funzo Lake kwa Wakulima wa Keumbu

(Maneno ya mhadhara uliotayarishwa kwa wakulima, mafundi wa mbao na wakazi wa Wadi ya Keumbu)



Kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, mbao ni biashara ya kila siku. Fundi hununua za kuezekea, mwenye nyumba hununua za dari, na mwenye duka la samani hutafuta saipresi iliyokauka vizuri. Baadhi ya mbao hizo hutoka katika mashamba ya hapa Gusii. Nyingine husafiri kutoka upande wa Londiani, Molo na Elburgon, ambako Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, hutunza mashamba makubwa ya miti iliyopandwa kwa ajili ya viwanda. Jinsi shirika hilo linavyouza miti yake inamhusu mkazi wa Keumbu kwa njia mbili. Kwanza, miti hiyo ni mali yake kama mwananchi. Pili, milango ya misitu hiyo ikifungwa au kufunguliwa, bei ya mti ulio nyuma ya nyumba yake hutikisika.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inahesabu misitu ya serikali kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inagawa misitu katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. KFS, iliyoanza kazi mwaka 2007 kuchukua nafasi ya iliyokuwa Idara ya Misitu, ndiyo inayosimamia misitu ya umma ya kitaifa. Kaunti nazo, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, hutekeleza sera za kitaifa za maliasili na mazingira, ikiwemo misitu.

Si kila mti wa KFS unauzwa. Misitu ya asili, ambayo ni vyanzo vya mito, haikupandwa kwa ajili ya mbao. Kinachouzwa ni miti ya mashamba ya kupandwa, hasa saipresi, paini na mikaratusi, katika eneo la hekta kama 150,000 nchini kote.

Safari ya mti huo huanza miaka mingi kabla ya mnunuzi kuonekana. Katika vituo vingi, wanajamii waliojiunga katika chama cha jamii cha misitu hupewa nafasi ya kulima viazi, mahindi au maharagwe katikati ya miche, kwa mpango unaojulikana kama PELIS. Wao huvuna chakula, na miche hupata palizi. Baada ya miaka kama mitatu kivuli hufunga na mkulima huhama. Miti hupogolewa ili mbao isiwe na macho mengi, kisha hupunguzwa ili iliyobaki inenepe. Saipresi ya kupasua mbao huachwa hadi ikaribie miaka 30. Ya kutengeneza karatasi huvunwa mapema zaidi.

Wakati wa kuvuna ukifika, hatua hufuatana. Kwanza ni hesabu. Maafisa huingia katika kitalu, hupima unene wa miti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, hupima urefu, kisha hutumia majedwali kupata ujazo wa mbao kwa mita za ujazo. Pili ni mpango wa uvunaji unaoonyesha vitalu vitakavyokatwa mwaka huo, ili kinachokatwa kisizidi kinachokua. Tatu ni uchujaji wa wanunuzi. Mwenye kiwanda cha kupasua mbao huonyesha kwamba amesajiliwa, analipa kodi, na ana mashine zinazoweza kazi hiyo. Nne ni ushindani. Miti ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka mali ya umma iuzwe kwa njia ya wazi. Tano ni malipo kwa serikali. Baada ya malipo ndipo kibali cha kukata hutolewa. Gogo nalo haliondoki msituni bila hati ya kusafirishia. Mwisho ni kupanda upya pale palipokatwa.

Katika hatua zote hizo, kuna jambo moja lisilobadilika: ujazo hujulikana kabla ya bei, na pesa hulipwa kabla ya msumeno. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari hilo halikushikwa vyema nyakati zote. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake, lakini kampuni chache kubwa, zikiwemo Pan African Paper Mills ya Webuye, Raiply na Timsales, ziliruhusiwa kuendelea. Wenye misumeno midogo walilalamika kwamba mlango mmoja ulifungwa na mwingine kuachwa wazi. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 10.

Februari 24, 2018, wakati mito mingi ilipokuwa imepungua, aliyekuwa Naibu Rais William Ruto alitangaza marufuku ya siku 90 katika misitu ya umma na ya jamii. Jopo lililoongozwa na Bi. Marion Kamau lilichunguza usimamizi wa misitu, na ripoti yake ya mwaka huo ikaeleza juu ya ufisadi, ukataji haramu na udhaifu katika utoaji wa miti kwa wanunuzi. Siku 90 ziliongezwa mara kwa mara, mpaka zikawa zaidi ya miaka mitano. Julai 2, 2023, akiwa Molo, Ruto, sasa akiwa Rais, alitangaza kuondoa marufuku, akisema miti iliyokomaa haiwezi kuachwa ikioza msituni wakati watu wanateseka kwa kukosa mbao. Mwezi uliofuata Chama cha Wanasheria Nchini kilipata agizo la mahakama la kusimamisha hatua hiyo kwa muda.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Saipresi iliyopita umri wake huoza kwenye moyo, na hasara hiyo ni ya umma. Lakini msitu unaofunguliwa kabla mianya haijazibwa huweza kuliwa kwa msimu mmoja. Ndiyo maana mjadala wa mbao hauishii kwenye swali la kukata au kutokata. Swali zito zaidi ni nani anapima, nani anaona hesabu, na pesa zinaingia wapi.

Athari za miaka hiyo zilifika mashambani. Marufuku ya 2018 haikugusa miti ya watu binafsi. Viwanda vilivyokosa magogo ya serikali viligeukia mashamba ya wakulima, na mbao nyingine zikatoka Tanzania na Kongo. Kwa Gusii, ambako mashamba ni madogo na mikaratusi imesimama karibu kila boma, dalali aliingia na msumeno wake. Mti ambao ungengoja miaka mingine mitano uliuzwa kwa karo ya muhula mmoja, na kwa makadirio ya macho tu.

Hapo ndipo utaratibu wa KFS unapokuwa somo kwa mkulima. Shirika haliuzi mti kwa kuutazama, na mkulima naye hana sababu ya kufanya hivyo. Vifaa anavyohitaji ni futikamba ya fundi cherehani na kalamu.

Mkulima apime mzingo wa mti kwenye kimo cha kifua, kisha agawe kwa 3.14 ili apate kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha sentimita 30. Wenye mzingo wa sentimita 47 una kipenyo cha sentimita 15. Kwa macho, wa kwanza unaonekana mnene mara mbili tu. Lakini ikiwa miti hiyo imelingana kwa urefu, wa kwanza una mbao mara nne. Na kwa kuwa mti mnene kwa kawaida huwa pia mrefu zaidi, tofauti halisi huzidi hapo. Mti wa kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 20, ukizingatia kwamba huchongoka kuelekea juu, una takriban mita 0.6 za ujazo.  Anayepoteza ni yule anayeuza ule mnene kwa bei mara mbili tu ya mwembamba, kwa kuwa ametoa mbao za miti minne na kulipwa za miwili.

Kuni nazo zina hesabu yake. Viwanda vya majani chai, kama vile Kiamokama, Nyamache na Itumbe, hutumia kuni kukausha chai, na kuni huuzwa kwa rundo lililopangwa. Mita moja ya ujazo ya rundo si mita moja ya mbao, kwa sababu katikati ya vipande kuna hewa. Mbao yenyewe huwa kama theluthi mbili. Kwa hivyo mkulima anayelinganisha bei ya kuni na bei ya magogo aangalie kwanza kama vipimo viwili hivyo ni vya namna moja. Pia ni hasara kuchoma kuni gogo lililonyooka ambalo lingepasuliwa mbao au kuwa nguzo.

Mambo manne yanaweza kufanyika hapa Keumbu bila gharama kubwa. La kwanza ni kuhesabu miti na kuandika mzingo wa kila mmoja katika daftari mara moja kwa mwaka. Anayejua jinsi mti wake unavyonenepa hujua pia anapoteza kiasi gani akiukata mapema. La pili ni kuuza kwa pamoja. Mkulima mwenye miti 10 humngoja dalali, lakini majirani wenye miti 200 wanaweza kuwaita wanunuzi watatu na kulinganisha bei zao. La tatu ni kupokea malipo kabla mti haujaanguka, na kuandikiana mbele ya shahidi. La nne ni karatasi: kanuni za uvunaji wa misitu za 2009 zilitaka mazao ya msitu yanayosafirishwa yawe na cheti cha mahali yalikotoka na kibali cha kuyasafirisha. Mkulima aulizie kwa afisa wa misitu au kwa chifu kabla ya lori kuja, ili gharama za mzigo kukamatwa njiani zisije zikakatwa kwenye pesa zake.

Kuna mipaka pia. Mikaratusi hunywa maji mengi, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya mito na kwenye chemchemi. Bondeni penye chemchemi ya kijiji si mahali pa mti huo, hata bei yake iwe nzuri kiasi gani. Juu kwenye mteremko, grevilea na miti ya asili hukaa pamoja na migomba na kahawa bila ugomvi.

Kuhusu misitu ya umma yenyewe, mwananchi si mtazamaji tu. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa Serikali. Anaweza kuuliza ni vitalu gani vilitangazwa, vilikuwa na mita ngapi za ujazo, nani alinunua, kwa bei gani, na kama pamepandwa tena. Anayenunua mbao yadini naye anaweza kuuliza zilitoka wapi. Muuzaji mwenye hati zake hana sababu ya kukasirika.

Mti wa saipresi unaouzwa mwaka huu ulipandwa na watu ambao wengi wao wamestaafu. Unaopandwa leo utavunwa na watoto walio darasani sasa. Kati ya pande hizo mbili kuna kipimo, bei iliyo wazi, risiti na mche mpya. Yakitimizwa hayo, msitu wa serikali na shamba la mkulima wa Keumbu vyote hulipa.