Kuondoa Kivuli cha Beji katika Rangi ya Gari

Umenunua gari kuukuu hapa Sumbawanga, umebandua beji ya mwenyewe wa kwanza, na kivuli cha herufi kimebaki. Usikikwangue kwa kisu! Ukifika kwenye bati, mvua zitaleta kutu.

Gundi ilainishe kwa maji ya moto, uifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni.

Sasa tazama vizuri. Herufi zile si uchafu. Ndiyo rangi ya asili, iliyokingwa na beji. Iliyopauka ni ya pembeni, maana Ufipa iko juu na jua lake, ingawa kuna baridi, ni kali. Basi sugua pembeni kwa polishi, polepole, mpaka zikaribiane. Kwenye kingo rangi ni nyembamba. Pita kidogo tu. Kivuli cha miaka mingi huenda kisiishe. Hapo mwite fundi rangi.